Kupro: nani anahesabiwa, na nani anahesabu

Swali: Mwanangu wa pili amepata barua ya kujiunga na chuo kikuu kilichoko Famagusta, Kupro. Wakala anayetushughulikia anasema ile ni nchi ya Ulaya na pia ni ya Kiislamu, kwa hiyo kijana hatapata shida ya dini yake, na akimaliza anaweza kuvuka kwenda Ujerumani bila viza. Mwenzangu kazini ananicheka, anasema Kupro ni Wagiriki Wakristo watupu. Nimetafuta idadi ya watu wa huko nimepata namba tatu zisizofanana. Naomba unieleweshe: nani wanaishi kule, wanasema lugha gani, na dini yao ni ipi? (Mama wa watoto watatu, Tanga)

Jibu: Shikamoo mama. Huenda namba zote tatu ni sahihi, kila moja kwa mhesabuji wake. Kupro (redioni utasikia Saiprasi, na katika Biblia imeandikwa Kipro) ni kisiwa cha kilomita za mraba 9,251, zaidi ya mara tano ya Unguja. Kwa macho ya Umoja wa Mataifa na karibu dunia nzima, hiyo ni nchi moja inayoitwa Jamhuri ya Kupro, yenye mji mkuu Nicosia. Ukifika huko unakuta vipande vinne. Kusini ni sehemu inayotawaliwa na serikali ya Jamhuri. Kaskazini, zaidi kidogo ya theluthi moja ya kisiwa, ni sehemu ambayo jeshi la Uturuki liliiteka mwaka 1974, na ambayo tangu tarehe 15 Novemba 1983 inajiita Jamhuri ya Kituruki ya Kupro ya Kaskazini. Nchi inayoitambua ni Uturuki peke yake. Katikati umepita ukanda wa askari wa Umoja wa Mataifa, urefu wa kilomita 180, mahali pengine una upana wa hatua chache tu kati ya nyumba na nyumba, mahali pengine unafikia kilomita saba. Kipande cha nne watu wengi hawakijui: Uingereza ilipoondoka mwaka 1960 ilijibakizia kambi mbili za kijeshi, Akrotiri na Dhekelia, jumla kilomita za mraba 254, na hizo mpaka leo ni ardhi ya Uingereza.

Chuo cha mwanao kipo Famagusta, ambayo Waturuki huiita Gazimağusa. Hiyo ni kaskazini. Shika hilo kwanza, maana majibu yangu mengi yatarudi hapo.

Sasa namba. Mara ya mwisho kisiwa kizima kuhesabiwa na mtu mmoja, kwa fomu moja, ilikuwa Desemba 1960, miezi michache baada ya uhuru. Walipatikana watu 573,566: Wakupro wa Kigiriki 442,138, sawa na asilimia 77, na Wakupro wa Kituruki 104,320, asilimia 18. Waliobaki walikuwa Waarmenia, Wamaroni, Walatini, Waingereza na wengineo. Ukikuta kitabu kinasema Kupro ni asilimia 77 kwa 18, au 80 kwa 18 baada ya kukarabatiwa kidogo, ujue unasoma hesabu ya zaidi ya miaka 60 iliyopita. Wanasiasa wa pande zote mbili wanaipenda kwa sababu ndiyo ya mwisho ambayo hakuna aliyeikataa.

Siku hizi kila upande unajihesabu wenyewe. Sensa ya Jamhuri ya mwaka 2021 iliwakuta watu takribani 923,000, lakini hiyo ni kusini tu. Karani wa sensa hawezi kuvuka mstari. Kaskazini walifanya sensa yao mwaka 2011 wakatoa wakazi 286,257. Kwa hiyo ukiona kitabu kinasema watu laki tisa na kingine kinasema milioni moja na ushei, hawapingani. Mmoja amesimama kwenye mstari, mwingine amejumlisha.

Hata hizo nazo zina ugomvi ndani yake, hasa ile ya kaskazini. Baada ya 1974 Uturuki ilipeleka watu kutoka Anatolia, yaani Uturuki bara, wakakae katika nyumba na mashamba ya Wagiriki waliokimbia. Wengine wakafuata wenyewe kutafuta kazi, wakaoa, wakazaa. Katika sensa ile ya 2011, zaidi kidogo ya nusu ya wakazi walikuwa wamezaliwa kisiwani, na zaidi ya theluthi moja wamezaliwa Uturuki. Je, mtoto aliyezaliwa Famagusta mwaka 1990 kwa baba wa Anatolia na mama wa Kikupro ni mlowezi au ni mwenyeji? Serikali ya kusini inamwona ni zao la uvamizi, na mara nyingi inamnyima uraia ambao mama yake anao. Yeye mwenyewe hajui nyumbani kwingine. Na kuna Wakupro wa Kituruki wa asili, hasa wa mrengo wa kushoto, wanaolalamika kwamba wamekuwa wachache katika sehemu ambayo vita vilipiganwa kwa jina lao. Maelfu yao wamehamia London. Huko, mitaa ya kaskazini ya jiji, wanaishi jirani na Wakupro wa Kigiriki wakinunua mkate duka moja.

Kusini nako usidhani ni Wagiriki watupu kama anavyosema mwenzako. Mmoja kati ya watano si raia wa Kupro. Wapo Waromania, Wabulgaria na Wagiriki wa Ugiriki, Waingereza wastaafu wa Paphos, na Warusi waliojaza Limassol na pesa zao. Wanawake wa Ufilipino, Sri Lanka, Nepal na Vietnam wanafanya kazi za ndani na kulea wazee. Sensa ya 2011 kusini ilikuta Wabudha wapatao asilimia 1, na siamini hata mmoja wao aliingia pale kwa mahubiri. Waliingia kwa vibali vya kazi za ndani. Miaka ya karibuni wameongezeka waomba hifadhi kutoka Syria, Nigeria, Kameruni, Somalia na Kongo, na kwa uwiano wa idadi ya watu wake Kupro imekuwa miongoni mwa nchi za Ulaya zinazopokea maombi mengi kabisa. Kwa hiyo ukipita kituo cha kupokea waomba hifadhi cha Pournara, nje ya Nicosia, usishangae kusikia Kiswahili cha Bukavu.

Umeuliza dini mwishoni kabisa mwa swali lako. Mimi nitaianza mapema, kwa sababu bila dini huwezi kuelewa hata hao Wagiriki na Waturuki walipatikanaje.

Waturuki wa Dola ya Uthmaniyya waliiteka Kupro kutoka kwa Wavenezia mwaka 1570 na 1571. Katika dola ile mtu hakuulizwa lugha yake wala kabila lake. Aliandikwa kwa dini. Muislamu alikuwa fungu moja, Mkristo wa Kiorthodoksi fungu lingine, na Askofu Mkuu alitambuliwa na Sultani kama mkuu wa Wakristo wote, anayejibu hata mambo ya kodi zao. Mambo yalipoharibika alijibu kwa shingo yake: mwaka 1821, Wagiriki wa bara walipoasi, gavana wa Kupro alimnyonga Askofu Mkuu Kyprianos. Kulikuwa na Waislamu waliosema Kigiriki nyumbani. Kulikuwa pia na kundi lililoitwa Linobambaki, kitani na pamba kwa pamoja, ambao hadharani walikuwa Waislamu na nyumbani wakabatiza watoto wao. Mtu mmoja alikuwa na jina la msikitini na jina la kanisani, akilitumia kila moja palipofaa. Kodi na utumishi wa jeshi vilichangia, lakini vizazi vilipita hivyo mpaka ikawa ndiyo desturi yao.

Waingereza walipokabidhiwa kisiwa mwaka 1878 hawakuliondoa daftari lile. Sensa yao ya kwanza, 1881, iliwaandika watu kwa dini. Shule zikawekwa chini ya bodi mbili, moja ya Wakristo na moja ya Waislamu, na bodi hizo zikaagiza vitabu na walimu, hawa kutoka Athens, wale kutoka Istanbul. Mtoto wa Kiorthodoksi aliingia darasani akiwa Mkristo wa kijiji fulani, akatoka Mgiriki. Jirani yake aliingia Muislamu akatoka Mturuki. Linobambaki wakalazimika kuchagua, wengi wakaishia upande mmoja au mwingine, na leo wamebaki kwenye majina ya baadhi ya vijiji na simulizi za wazee. Mwaka 1891 kulikuwa na vijiji 346 vyenye watu wa pande zote mbili. Kufikia 1960 vilikuwa 114. Hapo mama hakuna risasi kubwa iliyokuwa imepigwa bado. Watu walikuwa wanajitenga taratibu kufuata shule na siasa.

Halafu ikaja katiba ya uhuru, iliyoandaliwa kwa makubaliano ya Zurich na London ya mwaka 1959 kati ya Uingereza, Ugiriki na Uturuki. Kifungu chake cha pili ndicho ninachowapa wanafunzi wasome kabla ya kitu kingine chochote. Kinasema raia wote ni wa jamii ya Kigiriki au ya Kituruki. Jamii ya Kigiriki ni wenye asili ya Kigiriki na lugha mama ya Kigiriki, au wanaofuata utamaduni wa Kigiriki, au walio waumini wa Kanisa la Kiorthodoksi la Kigiriki. Jamii ya Kituruki ni wenye asili na lugha ya Kituruki, au wafuatao utamaduni huo, au Waislamu. Ukiwa Mkupro tu, bila cha kuongeza, hukuwa na mahali pa kuandikwa. Kila kitu kikagawanywa kwa mafungu hayo mawili: Rais awe Mgiriki na Makamu wake Mturuki, mawaziri 7 kwa 3, wabunge 35 kwa 15, ajira serikalini 70 kwa 30, jeshi 60 kwa 40.

Wenye tabu zaidi walikuwa wale wasioingia popote. Wamaroni ni Wakatoliki wenye asili ya Lebanoni na Shamu, wamo kisiwani tangu karne nyingi. Waarmenia wengi wao ni wazao wa waliokimbia mauaji ya mwaka 1915. Walatini ni Wakatoliki wa ibada ya Kirumi, wengine wana majina ya Kiitaliano na Kifaransa tangu enzi za wafalme wa ukoo wa Lusignan, Wafaransa waliotawala kisiwa kabla ya Wavenezia. Makundi haya matatu yaliambiwa yapige kura kuchagua wawe ndani ya jamii ipi. Novemba 1960 yote yalichagua ya Kigiriki. Leo kila kundi lina mwakilishi bungeni, anaweza kusema ila hapigi kura. Na kuna ambao hata katika hesabu hizo ni vigumu kuwaona: Waroma wa kaskazini (si Warumi, ni wale ambao wengine huwaita Magipsi), na Wakupro wa Kituruki wenye asili ya Kiafrika, wazao wa watumwa walioletwa enzi za Uthmaniyya.

Ukifika hapa utajiambia, basi ni vita vya Wakristo na Waislamu. Watu wengi husimulia hivyo, na mimi nakataa. Dini ilikuwa daftari la kuandikia watu. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa utaifa. Viongozi wengi wa Kigiriki walitaka kisiwa kiungane na Ugiriki, na kundi la EOKA likaanza kupigana na Waingereza kwa ajili hiyo tarehe 1 Aprili 1955. Viongozi wa Kituruki wakajibu kwa kutaka kisiwa kigawanywe, wakawa na kundi lao, TMT. Waingereza nao wakajaza Waturuki katika polisi ya kupambana na EOKA, jambo ambalo matokeo yake mtu yeyote aliyeishi chini ya mkoloni angeweza kuyatabiri. Lakini angalia nani aliuawa. Aprili 1965 wanaharakati wawili wa chama cha wafanyakazi, Derviş Ali Kavazoğlu Mturuki na Kostas Misiaoulis Mgiriki, walipigwa risasi wakiwa ndani ya gari moja. Lawama iliangukia TMT. Na mapinduzi ya tarehe 15 Julai 1974, yaliyofungua mlango kwa jeshi la Uturuki, yalifanywa na Wagiriki wa Kiorthodoksi kumng'oa Rais wao wa Kiorthodoksi, tena askofu. Nani hapo anapigania dini?

Nipite haraka kwenye matukio. Mwishoni mwa Novemba 1963 Rais Makarios, ndiye huyo askofu, alipendekeza mabadiliko 13 ya katiba, Waturuki wakayakataa, na Desemba damu ikamwagika Nicosia. Jenerali mmoja wa Kiingereza, Peter Young, akachora mstari kwenye ramani ya mji kwa penseli ya kijani, na jina la Mstari wa Kijani likabaki. Waturuki wapatao 25,000 waliacha vijiji vyao wakajikusanya katika vijieneo vidogo, na askari wa Umoja wa Mataifa wakafika Machi 1964. Mwaka 1974, siku tano baada ya mapinduzi, Uturuki ilishuka na majeshi ufukweni Kyrenia. Kufikia katikati ya Agosti ilishika sehemu inayoshika mpaka leo. Wagiriki zaidi ya 160,000 walikimbilia kusini, na Waturuki zaidi ya 40,000 wakahamia kaskazini. Orodha ya waliopotea katika miaka ile ina majina 2,002, Wagiriki 1,510 na Waturuki 492, na kamati ya pamoja ya pande zote mbili bado inafukua mifupa na kuipima. Zaidi ya nusu wametambuliwa na kurudishwa kwa ndugu zao wakazikwe.

Huyo Makarios sisi wa Afrika Mashariki tuna habari zake. Waingereza walimfukuza Kupro Machi 1956 wakamweka Shelisheli, mwaka mmoja na zaidi. Alipokuwa Rais alifika Kenya mwaka 1971, Mzee Kenyatta yupo madarakani, akabatiza watu kwa maelfu, na seminari ya Kiorthodoksi ya Riruta, Nairobi, ina jina lake. Waorthodoksi wa Kenya walikuwa na historia yao wenyewe ya kubanwa na mkoloni wakati wa Mau Mau, kwa hiyo askofu aliyewahi kufungwa na Mwingereza huyohuyo hakuwa mgeni wa kawaida kwao.

Kanisa alilotoka ni kongwe sana. Barnaba wa Matendo ya Mitume alikuwa mtu wa Kipro, na yeye na Paulo walihubiri Salami na Pafo, ambazo ni Salamis, karibu na Famagusta ya mwanao, na Paphos ya magharibi. Mtaguso wa Efeso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 431 ulilipa kanisa lile haki ya kujitawala lenyewe bila kuwa chini ya Patriarki wa Antiokia. Mwishoni mwa karne hiyo, kaburi linaloaminiwa kuwa la Barnaba lilipogunduliwa, Kaizari Zeno alithibitisha haki hiyo, na mapokeo yanasema ndipo Askofu Mkuu alipopewa ruhusa ya kutia saini kwa wino mwekundu kama Kaizari. Mpaka leo Askofu Mkuu wa Kupro anatia saini hivyo. Katika sensa ya 2011 kusini, Waorthodoksi walikuwa asilimia 89, Wakatoliki karibu 3, Waanglikana na Waprotestanti 2, na Waislamu karibu 2. Kaskazini Wagiriki wachache sana wamebaki, mia chache, hasa Rizokarpaso kwenye rasi ya Karpas. Makanisa mengi ya huko yaliporwa. Vipande vya mozaiki, yaani picha za vijiwe vya rangi, vilivyobanduliwa ukutani mwa kanisa la Kanakaria vilionekana Marekani, na mahakama ya Indianapolis mwaka 1989 ikaamuru virudishwe kwa mwenyewe.

Sasa Uislamu, ambao ndio uliomgusa wakala wako. Historia yake kisiwani ni ya mapema kuliko Waturuki. Utakuwa umesikia darsani habari za Ummu Haram bint Milhan, dada wa mama yake Anas bin Malik, aliyemwomba Mtume Muhammad (S.A.W.) amwombee awe pamoja na watakaopanda bahari. Alikwenda Kupro na msafara wa Muawiya katika miaka ya 640, akaanguka kutoka kwenye mnyama wake, akafariki huko. Kaburi lake liko kando ya ziwa la chumvi la Larnaca, panaitwa Hala Sultan Tekke, na Waislamu wengi wanalihesabu miongoni mwa maziara makubwa ya dini. Lakini Larnaca ni kusini. Kaburi la Waislamu liko upande wa Wagiriki, na kaburi la Barnaba liko upande wa Waturuki. Kisiwa hiki kimejaa vituko vya namna hiyo.

Waturuki wa Kupro ni Masunni wa madhehebu ya Hanafi, ila usitegemee Tanga. Walipokea mageuzi ya Atatürk kwa hiari yao, wakati bado wako chini ya Mwingereza na hakuna aliyewalazimisha. Wengi wao ni Waislamu wa jina, mazishi na Idi. Baa ziko wazi, na ijumaa msikitini wageni, yaani wanafunzi na watu wa Anatolia, mara nyingi ndio wengi. Serikali ya Uturuki imejenga misikiti mipya mingi, na si wenyeji wote wanaoifurahia. Mwaka 2025 maelfu waliandamana Lefkoşa, yaani Nicosia ya upande wa Waturuki, kupinga kanuni ya kuruhusu hijabu kwa wasichana wa sekondari. Walioandamana wenyewe ni Waislamu, wakisema Ankara inawaingilia. Pamoja na hayo, kisiwa hichohicho kilimtoa Sheikh Nazim al-Haqqani wa tarika ya Naqshbandiyya, mzaliwa wa Larnaca, aliyefariki mwaka 2014 akazikwa kule Lefke, na wafuasi wake wako mpaka Ulaya na Marekani. Kwa hiyo kijana atapata msikiti bila tabu. Ule mkubwa wa Famagusta, Lala Mustafa Paşa, ulikuwa kanisa kuu la Mtakatifu Nikolao hadi 1571 na bado una umbo la kanisa la Kifaransa. Nchi ya Kiislamu kwa maana anayoitaka wakala, hapana.

Lugha ni rahisi katika karatasi. Katiba ya 1960 inasema Kigiriki na Kituruki ndizo lugha rasmi, na mpaka leo sarafu za yuro na pasipoti za Jamhuri zina maandishi ya zote mbili. Ila kusini waliozaliwa baada ya vita hawajui Kituruki, na kaskazini vijana hawajui Kigiriki. Wazee wa vijiji vya zamani vya mchanganyiko, hasa Waturuki wa Paphos waliohamia kaskazini, wengi walikijua Kigiriki vizuri. Hao wanakwisha.

Kinachosemwa barabarani si kile cha vitabuni, pande zote mbili. Kama Mpemba anavyosema kwao kwa namna yake kisha akasoma taarifa ya habari kwa Kiswahili sanifu, ndivyo Mkupro wa Kigiriki alivyo: dukani anasema Kikupro, chenye sauti ya "ch" ambayo Mgiriki wa Athens hana, darasani anaambiwa aseme kama Athens. Mkupro wa Kituruki naye anauliza swali kwa kupandisha sauti tu, bila ile silabi ya kuulizia ambayo Mturuki wa Istanbul haachi, na anachekwa kwa hilo akienda huko. Lahaja hizi mbili zimeazimana maneno ya jikoni, ya shamba na ya matusi kwa karne nne. Jibini ya kisiwa, halloumi kwa hawa na hellim kwa wale, ilisajiliwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2021 kwa majina yote mawili, baada ya miaka ya mabishano.

Lugha inayonigusa zaidi ni ya Wamaroni wa kijiji cha Kormakitis, kaskazini magharibi. Wao huiita Sanna. Ni Kiarabu, lakini kilichokaa karne nyingi mbali na Waarabu wengine na kumezwa na Kigiriki, mpaka Mwarabu wa Beirut hakielewi kwa urahisi. Baada ya 1974 vijana walihamia Nicosia wakakuzwa kwa Kigiriki, na wasemaji waliobaki ni wa mamia, wengi wao wazee. Jamhuri ilikitambua kama lugha ya wachache mwaka 2008, miaka sita baada ya Kiarmenia, na siku hizi watoto wanafundishwa likizo kijijini. Kwangu huo ni msiba wa mgawanyiko ambao hauingii kwenye hotuba za upande wowote, kwa kuwa hauna bendera.

Kiingereza kipo kila mahali. Mahakama za Jamhuri ziliendelea kukitumia miaka mingi baada ya uhuru, na vyuo vingi vya kaskazini vinafundisha kwa lugha hiyo, ndiyo maana wanafunzi wa Afrika wamekuwa wengi Famagusta na Lefkoşa. Hata hivyo asidanganyike: kazi ya muda, nyumba ya kupanga, kituo cha polisi, yote yataendeshwa kwa Kituruki. Aanze kujifunza sasa.

Imebaki habari ya Ulaya. Mwaka 2004, tarehe 24 Aprili, mpango wa kuunganisha kisiwa uliobeba jina la Kofi Annan ulipigiwa kura pande zote mbili siku moja. Kaskazini asilimia 65 walisema ndiyo, kusini asilimia 76 wakasema hapana. Wiki moja baadaye, tarehe 1 Mei, Kupro ikaingia Umoja wa Ulaya hivyohivyo ilivyo: kisiwa chote kisheria ni ardhi ya Umoja, ila sheria za Umoja zimesimamishwa kaskazini. Wakupro wa Kituruki wa asili wanaweza kuchukua pasipoti ya Jamhuri, na wengi wamechukua. Kusini wanatumia yuro, kaskazini lira ya Uturuki. Tangu Aprili 2003 vivuko vimefunguliwa, na wenyeji wanapita kwa kuonyesha kitambulisho. Mazungumzo makubwa ya mwisho yalivunjika Uswisi, Crans-Montana, Julai 2017. Oktoba 2025 Wakupro wa Kituruki walimchagua kiongozi anayetaka yarudi, Tufan Erhürman.

Ruhusa ya kuvuka haimhusu mwanao. Kibali cha mwanafunzi cha kaskazini hakimpi haki ya kuingia kusini, na hakimpi haki yoyote Ujerumani. Jamhuri inauhesabu uwanja wa ndege wa Ercan kuwa ni njia isiyo halali ya kuingia nchini, na ndege za kwenda huko zote hupitia Uturuki. Wakijua ameingilia huko wanaweza kumkatalia kwenye kivuko. Kwa hiyo muulize wakala swali moja, ajibu kwa maandishi: tiketi inaishia uwanja gani? Ikiwa ni Ercan, basi anampeleka kaskazini, na habari ya Ujerumani ni ya kuuzia.

Sisemi asiende. Baadhi ya vyuo vya kaskazini ni vya miaka mingi, vina maabara na walimu wazuri, na Baraza la Elimu ya Juu la Uturuki linavitambua. Vingine ni maduka ya kukusanya ada. Kabla hujalipa hata malipo ya kwanza, peleka jina la chuo na la kozi TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), uulize kama shahada ile itatambuliwa nyumbani na kama watampa cheti cha kutokuwa na pingamizi. Majibu yao yatakusaidia kuliko yangu. Na ada ilipwe kwenye akaunti ya chuo chenyewe, isipite mkononi mwa wakala.